Tela na Pikapu Yenye Nguvu

Pikapu za siku hizi zina nguvu nyingi. Toyota Hilux ya kwanza, ya mwaka 1968, ilikuwa na injini ya lita 1.5. Leo zipo za lita 2.8, zinazoweza kuvuta tela la kilo 3,500 pamoja na mzigo wake. Lakini tela hilo sharti liwe na breki zake. Lisipokuwa nazo, mwisho ni kilo 750. Magunia saba tu ya mahindi ya kilo 100 ni kilo 700, na tela lenyewe bado hujalipima!

Ukipanda mlima, injini haitakuonya. Ukiteremka, tela litakusukuma. Teremka polepole, kwa gia ndogo. Mzigo mzito uweke mbele kidogo ya magurudumu ya tela. Ukiuweka nyuma, tela litayumba na kuiyumbisha pikapu. Wala usimpakie mtu humo.