Ndege Mdogo Akiingia Ndani

Hapa Isevya, Tabora, miembe ni mingi na ndege nao ni wengi. Nyumba zetu nyingi zina upenyo kati ya ukuta na bati. Basi si ajabu kumkuta shomoro au mbayuwayu chumbani. Leo tujifunze kumtoa akiwa mzima.

Kosa letu

Siku moja shomoro aliingia chumba tulimokuwa tunasoma. Tukaanza kelele, huyu na ufagio, yule na kanga. Ndege akazunguka kwenye kenchi, akagonga kioo cha dirisha mara mbili, akaanguka. Tulipomwokota alikuwa amekufa. Pembeni yake palikuwa na kiwavi aliyemponyoka mdomoni. Shomoro mkubwa hula zaidi nafaka na mbegu, lakini makinda yake huyalisha wadudu. Hapo tukanyamaza wote. Tulijua kuna makinda yanamngoja.

Mbona aligonga kioo?

Ndege akiogopa huruka juu, kwenye mwanga. Kioo hakijui. Anaona mbingu na mwembe, anadhani ni njia. Mlango uko chini, haoni. Basi siri ni hii: mwachie mwanga mmoja tu, na mwanga huo ndio uwe njia.

La kufanya

1. Tazama kwanza kama ana kiota ndani. Kama kipo, hakupotea. Mwachie njia ya kuingia na kutoka.
2. Toa watoto na paka. Zima feni na taa.
3. Funga milango ya vyumba vingine.
4. Fungua kabisa dirisha moja kubwa au mlango wa nje. Kama dirisha lina wavu, utoe.
5. Madirisha mengine yafunike kwa kanga au magunia.
6. Tokeni nje, msubiri kimya. Haraka haraka haina baraka.
7. Kama ni usiku, zima taa umwache apumzike. Alfajiri fungua njia.

Akigonga kioo na kuzirai

Mfunike kwa kitambaa chepesi, umshike polepole. Usimbane kifua, maana bila kifua kutanuka hawezi kupumua. Mweke katika boksi lenye matundu madogo, mahali pa giza, mbali na paka na siafu. Usimtie maji wala uji mdomoni, vitamwingia mapafuni. Baada ya saa moja hivi, peleka boksi nje ulifungue. Kisha nawa mikono kwa sabuni. Lakini mkiona ndege wengi wamekufa kijijini, msiwaguse. Mwarifuni ofisa mifugo, kwani huenda ni ugonjwa.

Baadaye shomoro mwingine aliingia chumba kile kile. Safari hii tulifunika madirisha, tukafungua mlango, tukakaa chini ya mwembe. Chai haijachemka, akapita juu ya vichwa vyetu.

Maswali

1. Kwa nini ndege hugonga kioo?
2. Kwa nini tunafunika madirisha mengine?
3. Nyumbani kwako, njia ya ndege ingekuwa ipi?