Lenzi Bandia Ndani ya Jicho Refu

Jicho la mtu mzima lina urefu wa karibu milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Likifika milimita 26 na zaidi, picha ya kitu cha mbali huundika kabla ya kuifikia retina iliyo nyuma ya jicho. Ndiyo maana mtu mwenye jicho refu aliyesimama steji ya Ruiru husoma gazeti bila taabu, lakini hatambui kama matatu inayokuja ni ya Thika.

Mtu huyo akipata mtoto wa jicho, daktari huiondoa lenzi iliyofanya ukungu na kubakiza kifuko chake chembamba. Humo ndimo lenzi bandia inapowekwa. Sehemu yake ya kuonea ina upana wa milimita 6 hivi. Pamoja na vikono vyake viwili hufika milimita 12 au 13. Vikono husukuma kuta za kifuko, na lenzi hutulia katikati.

Katika jicho refu, kifuko mara nyingi ni kipana zaidi, na nyuzi zinazokishikilia huweza kuwa dhaifu. Lenzi hukaa kama mto mdogo ndani ya foronya kubwa. Ikihama au kuinama, mtu huona vibaya. Lenzi inayorekebisha pia mpindo usio sawa wa konea iliyo mbele ya jicho haivumilii hata kuzunguka: kila digrii moja ya mzunguko hupunguza takriban asilimia 3 ya kazi hiyo, na zikifika digrii 30 faida yote imekwisha.

Tatizo si geni. Daktari wa macho Harold Ridley alipoanzisha upasuaji wa kuweka lenzi bandia London mwaka 1949, baadhi ya lenzi zake nzito zilihama.

Hatari ya lenzi kuzunguka ni kubwa saa za kwanza baada ya upasuaji, kabla kifuko hakijanywea na kuikumbatia lenzi. Kwa hiyo daktari hupima urefu wa jicho mapema, husafisha ute wote uliotumika katika upasuaji, hata ulio nyuma ya lenzi, na pengine hutia pete nyembamba ya plastiki yenye mwanya. Pete hiyo hubanwa ikiingizwa, kisha hutanuka na kukaza kifuko pande zote.

Wewe wa Thika au Ruiru, ukienda kliniki ya macho, iwe ya karibu nawe au ya Hospitali ya PCEA Kikuyu, beba miwani yako ya zamani na uulize urefu wa jicho lako. Baada ya upasuaji jicho hubaki refu vilevile, na retina yake huweza kubanduka. Ukiona vimulimuli, madoa mapya yanayoelea au kivuli kama pazia, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.