Ufizi Utokao Damu

Mkulima wa Nyamira apigapo mswaki akaona damu, asiuache mswaki kwa hofu. Damu hiyo yaonyesha kuwa ukoga, ambao ni makao ya vijidudu, umekaa penye shina la meno na kuuvimbisha ufizi. Uchunguzi wa Kenya wa mwaka 2015 uliona dalili hiyo kwa watu wazima karibu wote. Yampasa asugue taratibu, asubuhi na usiku. Hata kijiti kilichotafunwa ncha hadi kulainika chafaa. Akidumu hivyo, ufizi huweza kupona kwa wiki mbili hivi. Damu isipokoma, aende hospitali akaondolewe ukoga uliokwisha kuwa mgumu, kwani mswaki hauuwezi. Asingoje maumivu: mfupa ushikao jino ukiisha kuliwa, haurudi.