Mtunza maktaba wetu na video za migomba

Hapa Kashuga rezo inakuja na kwenda. Mtunza maktaba ya koperative alipofungua video ya kwanza kwenye tovuti ya Access Agriculture, mega zote ziliisha kabla haijafika katikati. Kosa ni letu: tulimwambia aangalie, hatukumwambia apakue.

Sasa anaamka mapema, rezo ikiwa nzuri. Anachagua Kiswahili, anapakua faili ndogo ya simu, ao sauti peke yake, anaiweka ku kadi memori. Wengine anawatumia kwa Bluetooth, bila mega hata moja.

Kitu cha kwanza kutafuta kilikuwa mnyauko wa migomba. Ugonjwa huu uligunduliwa Kongo mara ya kwanza mwaka 2001, hapa hapa Masisi, na mpaka leo unatumalizia mashamba. Mkungu ukimaliza kutoa vichane, vunja ua dume kwa mti wenye panda, usilikate kwa panga. Panga lililogusa mgomba mgonjwa lipitishe kwanza kwenye moto.

Mama mmoja akauliza: "Na panga la kuazima kwa jirani?" Hilo pia, mama, tena hilo zaidi. Jumamosi mulete simu pamoja na mapanga.