Njia ya Mkojo Ikiziba, Figo Hujitetea Vipi?

Hebu fikiria wewe ni mvulana wa kidato cha kwanza, kwenu ni Kwimba au Misungwi, mkoani Mwanza. Asubuhi unakojoa, matone ya mwisho yanatoka mekundu. Unamweleza rafiki yako, naye anacheka: "Ah, kawaida hiyo! Unakuwa mwanaume."

Rafiki huyo amekosea. Damu kwenye mkojo si dalili ya kukua. Huku kwetu mara nyingi ni kichocho cha kibofu, na kikiachwa kinaweza kufika mpaka kwenye figo.

MRIJA UNAZIBAJE?

Mwanza tuna kichocho cha aina mbili. Ufukweni mwa Ziwa Victoria kimeenea kile cha tumbo. Cha kibofu kinapatikana zaidi mbali na ziwa, kwenye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga, kwa sababu huko ndiko wanakoishi konokono wanaokieneza.

Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu na kutaga mayai yenye mwiba. Mengine hutoka na mkojo pamoja na damu. Mengine hunasa kwenye ukuta wa kibofu na wa mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo. Mwili huyazingira, makovu hujengeka, mrija unabana. Mkojo ukikosa njia hurudi nyuma, na figo hujaa na kutanuka. Mwaka 1966 watafiti Forsyth na Bradley walichapisha uchunguzi kuhusu madhara ya kichocho kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Kwa hiyo tatizo hili limejulikana siku nyingi.

Kumbuka pia kwamba watoto wengine huzaliwa na kizuizi kwenye njia ya mkojo. Mtoto mchanga wa kiume anayekojoa kwa matonematone apelekwe hospitali mapema.

GESI INAYOISAIDIA FIGO

Figo iliyozibwa haikai kimya. Hutengeneza naitriki oksaidi, gesi yenye atomu moja ya nitrojeni na moja ya oksijeni. Gesi hiyo imo pia kwenye moshi wa magari! Mwilini hudumu sekunde chache tu, lakini hulegeza mishipa ya damu ili damu iendelee kupita. Furchgott, Ignarro na Murad wa Marekani walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi yake kwenye moyo na mishipa ya damu.

Katika majaribio ya wanyama waliofungwa mrija wa mkojo, figo zilizonyimwa gesi hii ziliumia zaidi. Zilizoongezewa arjinini, malighafi yake, ziliumia kidogo. Lakini mrija ukiendelea kuziba, kemikali zinazobana mishipa na kujenga makovu hushinda. Gesi huchelewesha madhara tu, haizibui mrija.

Arjinini imo kwenye samaki, karanga na maharage. Ni chakula kizuri, ila usidanganyike eti dagaa watazibua mrija.

SASA UFANYE NINI?

1. Ukiona damu kwenye mkojo, sema mapema. Mwambie mzazi, mwalimu au mganga wa zahanati. Dada, usidhani kila damu ni ya hedhi.
2. Pima mkojo. Altrasaundi huonyesha kama figo imetanuka.
3. Meza prazikwanteli kwa kipimo cha uzito au urefu wako, baada ya kula. Kwa watoto wengi, figo iliyotanuka hurudia hali yake baada ya tiba. Makovu ya siku nyingi hayarudi kirahisi. Mengine huhitaji upasuaji.
4. Tumia choo. Usikojoe lamboni wala usiogelee humo, maana dawa haikukingi usiambukizwe tena.

JIPIME

- Kwa nini kichocho cha kibofu huweza kuharibu figo?
- Naitriki oksaidi hufanya nini kwenye mishipa ya damu?
- Rafiki yako akikuambia "kawaida hiyo", utamjibu nini?