Maswali na Majibu: Skripti za Kujengea Nyaraka za Programu Huria

Swali: Skripti ya ujenzi ni nini?

Nyaraka za programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, huandikwa katika mafaili ya maandishi matupu. Skripti ya ujenzi ni faili la maagizo yanayoiongoza kompyuta kuyageuza maandishi hayo kuwa kurasa za tovuti au kitabu cha PDF. Mara nyingi maagizo hayo hutekelezwa na make, programu iliyobuniwa na Stuart Feldman katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1976, ambayo hulinganisha wakati kila faili lilipobadilishwa mara ya mwisho, kisha ikajenga upya yale tu yaliyopitwa.

Swali: Ni mradi gani unaofaa kuigwa?

Lugha ya Python. Kabla ya toleo la 2.6, lililotoka Oktoba 2008, nyaraka zake ziliandikwa kwa LaTeX, mfumo wa kupangia chapa, na kazi ya kuzigeuza kuwa kurasa za tovuti ilikuwa tata na ilidai matunzo ya mara kwa mara. Georg Brandl alibuni Sphinx, programu ya kujengea nyaraka iliyoandikwa kwa Python yenyewe, na leo mchangiaji akishaandaa mazingira yake huhitaji amri moja tu: make html. Faida yake inavuka ufundi, kwa kuwa mtu anayejitolea, asipoweza kujenga nyaraka kwenye kompyuta yake, hawezi kuona alichokirekebisha, na ni rahisi akate tamaa.

Swali: Kwa nini skripti iliyofanya kazi jana hukwama leo ilhali haikuguswa?

Kwa sababu vitegemezi vyake, yaani programu nyingine inazozihitaji, vimebadilika. Python hutaja matoleo yanayokubalika katika faili la requirements.txt, na amri ya make venv huyasakinisha katika mazingira ya pekee yasiyogusa sehemu nyingine ya kompyuta. Hata hivyo, matoleo yaliyotajwa hivyo yakiachwa miaka mingi huzeeka, hivyo hayana budi kupandishwa kwa makusudi, na badiliko hilo kujaribiwa peke yake.

Swali: Maonyo yashughulikiweje?

Hapa ndipo uzembe huleta hasara kubwa zaidi. Sphinx inapokuta rejeo lisilo na shabaha hutoa onyo, lakini huendelea na ujenzi na kutangaza kwamba umekamilika, na msomaji ndiye anayeachiwa kasoro hiyo. Chaguo la -W huyageuza maonyo kuwa makosa, na mradi mpya unapaswa kulitumia tangu siku ya kwanza. Mradi mkongwe wenye maonyo mengi hauwezi kufanya hivyo mara moja. Python imechagua njia ya busara ya kuweka orodha ya mafaili ambayo bado yana kasoro, ili faili likishasafishwa liondolewe humo, na onyo jipya likijitokeza ndani yake ukaguzi ukatae.

Swali: Je, tarehe zina umuhimu?

Zina umuhimu, kwa sababu skripti inayochapa saa ya ujenzi katika kila ukurasa hutoa matokeo tofauti kila mara, hivyo watu wawili hawawezi kuthibitisha kwamba wamejenga kitu kilekile. Kigezo cha SOURCE_DATE_EPOCH, ambacho Sphinx hukitambua, huondoa tatizo hilo kwa kuweka tarehe moja isiyobadilika.

Swali: Mtunzaji aanzie wapi?

Aichukue kompyuta isiyo na chochote cha mradi, afuate maelekezo yake mwenyewe neno kwa neno, na kila hatua aliyolazimika kuiongeza aiandike ndani ya skripti kabla ya kutoa toleo linalofuata.