Kwa nini mtama husubiri mvua, na mahindi hayasubiri

Vijana mnaolima kibiashara hapa Dodoma mnaniuliza sana: "Afisa, mahindi yana soko, mbona unatusukuma kwenye mtama?" Jibu langu linaanzia kwenye mmea wenyewe.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na katikati ya msimu inaweza kukatika hata wiki mbili au zaidi. Hapo ndipo mazao haya yanapoachana.

Jani la mtama lina nta, ule weupe unaobaki kidoleni ukilipangusa. Nta inapunguza upotevu wa maji. Jua likizidi, jani hujikunja na vitundu vyake hufunga. Chini, mizizi ina matawi mengi membamba na hushuka zaidi ya mita 1, udongo ukiruhusu. Kubwa zaidi, ukame ukija kabla ya suke kutoka, mtama husimama kukua, mvua ikirudi unaendelea.

Mahindi nayo hujikunja majani, ila tatizo ni wakati wa maua. Chavua hutoka juu kileleni, nywele za kuipokea ziko chini kwenye hindi. Ukame huchelewesha nywele. Zikija kutoka, chavua imeshakwisha. Unavuna magunzi yenye mapengo, hata mvua ikirudi. Ua la mtama lina dume na jike pamoja, hivyo hatari hiyo ni ndogo.

Lakini tusidanganyane, mtama si jiwe. Ukame wakati wa kujaza punje unakula mavuno. Usaidie hivi:

1. Pasua tabaka gumu la udongo ili mizizi ishuke.
2. Panda mapema, udongo ukishalowa vizuri: sm 75 kwa sm 30, bakiza miche 2 kila shimo.
3. Palilia mapema. Magugu yanakunywa maji yako.
4. Pandeni pamoja na majirani, ndege wasihamie shamba moja.

Kama umekopa, usiweke mkopo wote kwenye mahindi. Na kabla hujanunua mbegu, chimba shimo la sm 50 shambani kwako. Jembe likigonga tabaka gumu, anza na kulipasua. Mtama unavumilia ukame, ila mizizi haitoboi sakafu.